Soko la Pili la Tofali la Kuchezea

Vitu vya watoto havina maisha marefu. Mwanasesere wa kitambaa huraruka, gari la bati hushika kutu, na mpira wa majani ya mgomba hufumuka kabla jua halijatua. Ndiyo sababu waandishi wa historia ya biashara aghalabu huyataja mambo ya michezo kwa kupitia tu, kama msafiri atajavyo kijiji alichokipita usiku. Lakini kiko kitu kimoja cha watoto kilichokataa kufa pamoja na utoto wa mwenyewe. Ni tofali dogo la plastiki, lenye vinundu juu na mirija chini, ambalo lilitengenezwa Denmark, likaenea duniani, na baada ya kununuliwa, kuchezewa na kusahauliwa, likarudi sokoni kuuzwa mara ya pili, ya tatu na ya nne. Historia ya soko hilo la pili yastahili kuelezwa: lilivyozaliwa, lilivyopata daftari lake, lilivyowanufaisha baadhi ya watu na kuwadanganya wengine, na mwishowe lilivyoangukia mikononi mwa yule yule aliyeliuza tofali mara ya kwanza. Ndani ya historia hiyo mna swali ambalo si la kitoto hata kidogo: kitu kikisha kuuzwa, ni nani bwana wake?

Asili ya tofali hili ni mbao. Ole Kirk Christiansen, seremala aliyezaliwa Denmark mwaka wa 1891, alinunua karakana katika kijiji cha Billund mwaka wa 1916, akawa anajenga nyumba na kutengeneza vyombo vya wakulima. Dhiki kuu ya uchumi ilipofika katika miaka ya 1930, wakulima hawakuwa na fedha za kujengea. Mwaka wa 1932 fundi huyo alifiwa na mkewe, akabaki na watoto wanne wa kiume na karakana isiyo na kazi. Hapo ndipo alipogeukia vitu vidogo ambavyo hata maskini angeweza kununua: ngazi fupi, mbao za kupigia pasi, na michezo ya watoto. Mwaka wa 1934 aliipa kazi yake jina LEGO, kutokana na maneno mawili ya Kideni yenye maana ya "cheza vizuri." Mwaka wa 1942 karakana iliungua moto, akaijenga upya.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka wa 1946, alinunua mtambo wa kukalibu plastiki, jambo lililoonekana kuwa ni ujasiri mkubwa kwa fundi wa mbao. Tofali lenyewe halikutoka kichwani mwake peke yake. Mwingereza Hilary Fisher Page alikuwa amekwisha kubuni tofali la plastiki lenye vinundu, likiuzwa kwa jina la Kiddicraft, na sampuli za tofali hilo zilifika Billund. Mwaka wa 1949 karakana ya Billund ikatoa tofali lake lililofuata mfano huo. Haki za tofali la Kiddicraft zilikuja kununuliwa na kampuni ya LEGO mwaka wa 1981. Tofali la 1949 lilikuwa tupu chini, halikushikamana vema, na nyumba iliyojengwa kwalo iliweza kuanguka kwa kuguswa. Dawa ya ugonjwa huo ilipatikana mwaka wa 1958. Tarehe 28 Januari mwaka huo, Godtfred Kirk Christiansen, mwana wa mwasisi, aliomba hataza ya tofali lenye mirija ndani, ambayo hubana vinundu vya tofali lililo chini yake. Mwezi Machi baba mtu akafariki. Mwaka wa 1963 plastiki ya zamani iliachwa, ikachukuliwa nyingine iitwayo ABS, iliyo ngumu zaidi, isiyopindika upesi wala kupauka upesi.

Mambo hayo mawili, mirija ya 1958 na plastiki ya 1963, ndiyo wazazi wa soko la pili, ijapokuwa aliyeyafanya hakuwa na nia hiyo. Tofali lililotengenezwa mwaka wa 1958 hushikamana na tofali lililotoka kiwandani juzi. Basi la kale halikupitwa na wakati kama gari la kale, wala halikuharibika kama nguo ya kale. Kila tofali jipya lililouzwa liliongeza hazina ya matofali yaliyomo duniani, na hazina hiyo haikupungua ila kwa kupotea. Kwa kuboresha kazi yake, fundi alijizalia mshindani asiyeweza kumshinda kwa ubora, maana mshindani huyo ni kazi yake mwenyewe.

Hata hivyo, kwa muda wa miaka karibu arobaini hazina hiyo ililala. Mtoto alipobalehe, matofali yake yalipewa mdogo wake, au yalipandishwa darini katika sanduku, au yalipelekwa katika mnada wa kanisa na soko la vitu vikuukuu la Jumapili. Huko yaliuzwa kwa sanduku zima, yamechanganyika, mengine yamevunjika, kwa bei ambayo muuzaji aliitoa ili tu aondokewe na mzigo. Sababu ya unyonge huo wa bei haikuwa ubaya wa mali. Ilikuwa ni kutokutana kwa wenye haja. Mtu wa Hamburg aliyepoteza gurudumu moja la gari la mwaka wa 1978 hakuwa na njia ya kujua kwamba gurudumu la namna ile limo katika sanduku darini mwa mtu wa Ohio. Huyu ana asichokitaka, na yule ataka asichokipata, na katikati yao mna bahari na ujinga wa habari. Wataalamu wa uchumi husema kwamba soko si mahali bali ni makutano. Na kwa tofali moja moja makutano hayo hayakuwapo.

Mwezi Septemba mwaka wa 1995, huko San Jose katika jimbo la California, Pierre Omidyar alifungua mnada katika intaneti, ambao baadaye uliitwa eBay. Yasimuliwa kwamba kitu cha kwanza kuuzwa katika mnada huo kilikuwa kalamu ya mwanga ya leza iliyoharibika, nayo ilipata dola 14.83 kutoka kwa mtu aliyekusanya kalamu mbovu za namna hiyo. Kisa hicho kidogo kina somo kubwa kwa habari ya matofali: hapana kitu kikuukuu kisicho na mwenye kukitaka, ikiwa tu mwenye kukitaka atapata habari zake. Upesi masanduku ya darini yakaanza kuteremshwa. Seti kamili za miaka ya 1960 na 1970, pamoja na karatasi zake za maelekezo na maboksi yake, zikapigwa mnada mbele ya watu wa nchi nyingi kwa pamoja.

Lakini mnada una upungufu wake. Mnada wafaa kitu kimoja chenye sura yake. Haufai vitu elfu kumi vilivyofanana. Hakuna mtu awezaye kupiga mnada tofali moja jekundu, kwa kuwa gharama ya kulitangaza yaishinda thamani yake. Ilihitajika namna nyingine ya soko, iliyo karibu zaidi na duka la vipuri kuliko mnada. Namna hiyo ililetwa mwaka wa 2000 na kijana Daniel Jezek, mpenzi wa matofali na mjuzi wa programu za kompyuta. Alianzisha soko aliloliita BrickBay, na mwaka wa 2002 likabadilishwa jina kuwa BrickLink, maana jina la kwanza lilikaribiana mno na lile la mnada mkubwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Alichokifanya Jezek ni kuipa mali ya darini daftari. Kila umbo la kipande lilipewa namba. Tofali la vinundu viwili kwa vinne, kwa mfano, hujulikana kwa namba 3001. Kila rangi ilipewa jina lake. Kila seti iliandikiwa orodha ya vipande vyake vyote, hata mtu aliyepotewa na kimoja akajua jina la kilichopotea. Kwa kila kipande, daftari lilionyesha bei zilizolipwa kweli katika miezi sita iliyopita, kwa kipya mbali na kwa kilichotumika mbali. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo haikufanywa na watumishi wa kulipwa. Ilifanywa na wanachama wenyewe, wakipima, wakihesabu na kusahihishana usiku baada ya saa za kazi, kwa mapenzi tu. Waarabu na Wahindi waliofanya biashara katika pwani ya Bahari ya Hindi walikuwa na madaftari yao, lakini kila mmoja alificha la kwake. Hili lilikuwa daftari la wote, na siri ya bei, ambayo ndiyo nguvu ya mchuuzi tangu zamani, ilitolewa nje uwanjani.

Daftari likiisha kuwapo, kazi ikapata wafanyakazi. Mwuzaji wa matofali yaliyotumika hununua kwa kilo na kuuza kwa moja moja. Faida yake yote imo katika jasho lililo kati ya mizani na hesabu. Huanza kwa kumwaga gunia sakafuni na kutoa takataka: sarafu, vifungo, nywele za paka, na vipande vya kampuni nyingine. Kisha huosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, wala maji hayo hayatakiwi kupita nyuzi 40 za joto, maana plastiki hupinda. Hukausha kwa upepo. Ndipo huja uchambuzi, nao ndio moyo wa kazi. Mgeni hutaka kuchambua kwa rangi, kwa sababu rangi ndiyo huliwahi jicho. Lakini mzoefu huchambua kwa umbo kwanza, kwa kuwa jicho hupata shida kuona umbo dogo jeusi katika rundo la vitu vyeusi, bali huiona rangi upesi katika rundo la umbo moja. Baada ya hapo huhesabu, huandika katika daftari la soko, huweka kila aina katika mtoto wake wa kabati, na hungoja. Agizo likifika la vipande mia vya aina arobaini, huzunguka makabati yake kama mfamasia, akiokota viwili hapa na vitano pale, mpaka bahasha ijae.

Aliyepata kuona robota la mitumba likifunguliwa Gikomba mjini Nairobi, au katika soko la Karume mjini Dar es Salaam, ataifahamu kazi hii bila mwalimu. Huko nako mali hununuliwa kwa uzito, hali imefumbwa, na faida hupatikana kwa jicho la mchambuzi. Wachuuzi wa Nairobi huita daraja la juu "kamera," na mabaki ya mwisho huyaita "fagia." Mwuzaji wa matofali naye ana kamera yake: ni vijitu vidogo vya plastiki, vilivyoanza kutolewa mwaka wa 1978, ambavyo kimoja chaweza kulipa bei ya gunia zima. Na fagia yake ni matofali ya kawaida, yaliyokwaruzwa na kung'atwa na meno ya watoto. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini mwenye kuhesabu saa zake kwa unyofu mara nyingi huona kwamba kibaba kimejaa polepole sana, na kwamba ujira wake kwa saa wapungua ujira wa kibarua. Wengi huendelea kwa kuwa wanaipenda kazi, na mapenzi hayo ni ruzuku isiyoandikwa katika hesabu za soko hili.

Biashara ya watu wasioonana husimama juu ya ukweli wa maneno. Mwaka wa 2004 kampuni ilibadilisha rangi yake ya kijivu, ikawa na ubuluu kidogo, na rangi yake ya kahawia, ikawa na wekundu. Kwa mtoto tofauti hiyo si kitu; kwa mtu anayekamilisha ngome ya mwaka wa 1984, tofali la kijivu kipya katika ukuta wa kijivu cha kale ni doa. Hali kadhalika matofali meupe na ya buluu yaliyokaa juani hugeuka manjano, na wapo wayarudishao weupe kwa dawa ya haidrojeni peroksaidi bila kumwambia mnunuzi. Basi maneno "limetumika, lina hali nzuri" yakawa ni kiapo, na kila mnunuzi akapewa nafasi ya kumsifu au kumshitaki muuzaji mbele ya wote. Soko ambalo polisi wake ni aibu halikosi wezi, lakini ni jambo la kufikiriwa kwamba maelfu ya watu wa nchi mbalimbali, wasiojuana sura wala lugha, walipelekeana fedha kwanza na mali baadaye, na mara nyingi mali ikafika.

Penye bei pana tamaa. Mara tu ilipoonekana kwamba seti iliyokwisha kutolewa kiwandani hupanda bei, walitokea watu walionunua matofali si kwa kucheza wala kwa kujenga, bali kwa kufungia kabatini. Mwaka wa 2007 ilitolewa merikebu ya anga ya Millennium Falcon, yenye vipande zaidi ya 5,000, kwa dola 500 kasoro senti moja. Ilipoacha kutengenezwa, bei yake ikapanda hadi maelfu ya dola. Mwaka wa 2017 kampuni ikatoa nyingine, kubwa zaidi na nzuri zaidi, yenye vipande zaidi ya 7,500, kwa dola 800 kasoro senti moja. Na bei ya ile ya kwanza ikateremka, na waliokuwa wameifungia kama dhahabu wakajifunza kwamba ufunguo wa hazina yao umo mkononi mwa mwingine. Uchunguzi uliochapwa na wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Moscow ulipima seti 2,322 za miaka ya 1987 hadi 2015, ukaona kwamba kwa wastani zilileta faida ya asilimia 11 kwa mwaka. Habari hiyo ilienea magazetini kwa shangwe. Iliyoenea kidogo zaidi ni kwamba wastani huo umechanganya walioneemeka na waliopata hasara, na kwamba nafasi ya kuweka maboksi, bima na posta havimo katika shangwe ya magazeti.

Tamaa ikazaa na uhalifu. Tofali halina namba ya kulitambulisha mwenyewe, hubebeka, na lina bei inayojulikana duniani kote. Hizo ndizo sifa zile zile zilizofanya dhahabu na vito vipendwe na wezi. Mwaka wa 2021 polisi wa Ufaransa walichunguza kundi lililokuwa likiiba seti madukani, na mwaka wa 2024 polisi wa Los Angeles walikamata maelfu ya maboksi yaliyoibwa. Upande mwingine walisimama waigaji: kampuni ya Kichina iliyotumia chapa ya Lepin ilinakili seti nzima nzima, hata polisi wa Shanghai walipoivamia mwaka wa 2019, na mahakama ikawahukumu wakubwa wake mwaka wa 2020. Vipande vya uigaji viliingia katika magunia ya matofali ya kale, na kazi ya mchambuzi ikaongezeka, kwa kuwa sasa hana budi kutazama kila kinundu kama kina jina la kampuni juu yake.

Yafaa hapa itofautishwe haki ya kuiga na haki ya kuuza tena, maana mara nyingi huchanganywa. Hataza hudumu kwa miaka kadhaa tu. Zilipokwisha, kampuni ilijaribu kulilinda umbo la tofali kwa sheria ya alama za biashara, ambayo haina mwisho wa miaka. Mahakama Kuu ya Kanada ilikataa mwaka wa 2005, na Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikataa mwaka wa 2010, zote zikishika hoja moja: vinundu vina kazi ya kushikamanisha, na kazi ya kitu haiwezi kufanywa alama ya milele ya mtu mmoja. Ama haki ya kuuza tena ina asili ya kale zaidi. Mwaka wa 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la wachapaji wa vitabu waliokuwa wameandika ndani ya kitabu kwamba ni marufuku kukiuza kwa chini ya dola moja. Mahakama ikasema kwamba mwenye haki ya kunakili, akisha kukiuza kitabu, hana tena mamlaka juu ya bei ambayo mnunuzi atakiuzia. Juu ya msingi huo, ambao nchi nyingi zinao kwa namna moja au nyingine, ndipo lilipojengwa soko zima la vitu vilivyotumika. Tofali likisha kuvuka meza ya duka, ni la mnunuzi.

Sheria, basi, ilimnyima fundi ubwana juu ya tofali lililouzwa. Lakini sheria haikumkataza kununua soko ambamo tofali hilo huuzwa tena. Daniel Jezek alifariki ghafula mwaka wa 2010, hali bado kijana, na mama yake akaishika kazi ya mwanawe ili isianguke. Mwaka wa 2013 soko lilinunuliwa na Kim Jung-ju wa Korea ya Kusini, mwasisi wa kampuni ya michezo ya kompyuta ya Nexon. Na mwezi Novemba mwaka wa 2019 kampuni ya LEGO yenyewe ikatangaza kwamba yalinunua. Wakati huo soko lilikuwa na wanachama zaidi ya milioni moja, na maduka yapatayo 10,000 katika nchi 70.

Habari hiyo iliwagawa wanachama. Waliofurahi walisema kwamba soko la kijana mmoja sasa limepata mlinzi tajiri. Walioogopa walikumbuka methali kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Walisema: mwenye kuuza vipya sasa ameshika mizani ya vikuukuu, anaona kila bei, kila haja, kila seti inayotamaniwa na isiyotengenezwa tena, na akitaka aweza kukitengeneza kesho kile anachokiona leo kinapanda. Hofu hiyo haikuwa ya bure, wala haikuwa ya hakika. Kwa upande mmoja, kampuni inayojua kwamba mali yake huuzika tena ina sababu ya kulitunza soko hilo, maana mnunuzi wa kipya hulipa kwa moyo mwepesi akijua kwamba fedha yake haikuzama yote. Kwa upande wa pili, daftari lililoandikwa na wengi kwa mapenzi limekuwa mali ya mmoja kwa hati, na walioliandika hawakuulizwa. Mwezi Novemba mwaka wa 2023 soko lilifungwa kwa siku chache kwa sababu ya tishio la wahalifu wa kompyuta, na maduka ya nchi nyingi yakakaa bila mteja hata mmoja. Ndipo kila mtu alipoona jinsi milango elfu kumi ilivyokuwa ikitundikwa katika bawaba moja.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao wauzaji na wanunuzi hawana budi kuutazama, nao ni ule ule udumu uliolizaa soko. Tarehe 13 Februari mwaka wa 1997 meli Tokio Express ilipigwa na wimbi kubwa karibu na ncha ya Cornwall huko Uingereza, ikapoteza makontena 62 baharini. Moja lilikuwa na vipande vya LEGO karibu milioni tano, na kwa kejeli ya mambo vingi vilikuwa na sura za bahari: pweza, mapezi ya kuogelea, majani ya mwani. Vipande hivyo vimeendelea kuokotwa katika fukwe za Cornwall hata karne hii. Mwaka wa 2020 Andrew Turner wa Chuo Kikuu cha Plymouth na wenzake walilinganisha matofali yaliyotupwa pwani na yale yaliyohifadhiwa majumbani, wakakisia kwamba tofali laweza kudumu baharini kwa miaka 100 hadi 1,300. Kitu kidumucho hivyo, kikitupwa, ni deni kwa wajukuu. Kikiuzwa tena, ni urithi. Lakini urithi nao hupimwa. Miaka miwili kabla ya hapo mtaalamu huyo huyo alikuwa amepima michezo ya plastiki iliyotumika, akaona kwamba katika baadhi ya vipande vya miaka ya 1970 na 1980, vikiwamo matofali, rangi nyekundu na manjano zilikuwa na kadimiamu, madini yenye sumu ambayo wakati huo sheria haikuyabana kama sasa. Kwa mkusanyaji aliye mtu mzima si hatari kubwa. Kwa mtoto atiaye kila kitu kinywani ni jambo lingine. Mwuzaji mwaminifu, basi, humwambia mnunuzi umri wa mali pamoja na hali yake, hata kama ukweli huo utampunguzia bei.

Ikitazamwa kwa jumla, historia ya soko hili ina mambo matatu ya kushikwa. La kwanza ni kwamba ubora una gharama yake kwa mwenye kuutenda: afanyaye kitu kisichokufa lazima akubali kushindana nacho. La pili ni kwamba thamani ya kitu kikuukuu haikai ndani ya kitu peke yake, bali hukaa pia katika habari zake. Sanduku la darini na kabati la mwuzaji lina matofali yale yale, na tofauti ya bei ni namba, jina na uaminifu. La tatu, nalo ndilo zito, ni kwamba haki ya mnunuzi juu ya kitu chake haitoshi kama hana mahali pa kukiuza. Msingi wa shauri la 1908 ulimpa mtu ubwana wa tofali lake. Lakini ubwana huo hutembea kwa miguu ya soko, na miguu hiyo ina mwenyewe. Walioandika daftari la matofali walidhani kwamba wanapanga michezo ya watoto. Kumbe walikuwa wakijenga mji, na mji wowote ambao wajenzi wake hawakuandika hati ya kiwanja huja siku ukauliza, umechelewa, kiwanja ni cha nani.